Mwanafunzi akivunjika mguu, masomo yasivunjike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo linalowagusa wazazi wengi wa vijijini, ambao si rahisi wao wenyewe kushika kalamu na kukuandikia. Jambo lenyewe ni mahali pa michezo, na pa ufadhili wa masomo unaotolewa kwa ajili ya michezo, katika zile shule binafsi zinazochuja wanafunzi kwa mtihani na kujivunia daraja la kwanza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilaya ya Mbulu. Asubuhi nafundisha Hisabati, na jioni nasimamia mpira wa miguu, mpira wa pete na riadha. Kila mwaka hupeleka watoto katika mashindano ya UMITASHUMTA, kuanzia ngazi ya kata hadi wilaya, na mwaka ukiwa mzuri hadi mkoa. Pembeni mwa viwanja hivyo ndipo ninapokutana na wajumbe wa shule binafsi kutoka mijini. Huja na daftari, wakauliza jina la mtoto, umri wake na mzazi wake ni nani. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuyasikia kijiweni.

Ndugu Mhariri, shule binafsi ninazozisema zimegawanyika makundi mawili, na yote mawili yamekosea, kila moja kwa upande wake.

Kundi la kwanza ni la shule zinazouona mchezo kuwa adui wa mtihani. Humo mwanafunzi huamka alfajiri kujisomea, akashinda darasani, akarudi darasani usiku, na likizo ikifika huitwa kambini kusoma tena. Kipindi cha michezo kimeandikwa kwenye ratiba kwa ajili ya mkaguzi, lakini saa hiyo ikifika mwalimu wa Fizikia huingia na chaki yake. Shule nyingine hazina hata uwanja. Zina jengo la ghorofa, ukuta, geti na sehemu ya kuegesha mabasi, basi. Mtoto wa miaka kumi na minne akitaka kukimbia, atakimbia kutoka bwenini kwenda bwaloni.

Kosa hili si geni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa nchini, na baada ya miaka michache yakarudishwa. Wakati huo mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na nakumbuka uwanja wetu ulivyoota majani ukawa malisho ya ndama wa kijiji. Sikuona kwamba alama zetu zilipanda kwa sababu hiyo. Tulichokiona ni watoto kuzidi kutoroka baada ya chakula cha mchana, kwani hakukuwa na cha kuwangojesha hadi jioni.

Katika tamko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikosoa tabia ya kumpima kijana kwa mtihani wa karatasi peke yake, na akakosoa elimu ya kuwaandaa wachache wajione wametengana na wenzao. Miaka mingi imepita, na nchi imeruhusu shule binafsi, mimi sizipingi. Zimesaidia kupanua elimu na zimeajiri walimu wenzangu wengi. Lakini ugonjwa ule alioutaja umerudi kwa mlango wa nyuma. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Nilishangilia. Hata hivyo mabango hayakushuka. Shule sasa zinajitangaza zenyewe barabarani, idadi ya daraja la kwanza ikiandikwa kwa maandishi makubwa kuliko jina la shule.

Kundi la pili ni la shule ambazo zimegundua kwamba kikombe nacho ni bango. Hizi huwatafuta watoto wenye vipaji, zikawapa nafasi bila ada, zikawavalisha jezi yenye jina la shule na kuwapeleka UMISSETA. Ukitazama kwa juu juu utasema hili ni jambo jema, na kweli lingeweza kuwa jema kuliko yote. Naomba nieleze kwanza kwa nini, kabla sijasema linavyoharibika.

Shule inayochuja kwa mtihani husema kwamba mlango wake uko wazi kwa kila mwenye akili. Maneno hayo ni matamu, lakini mtihani wenyewe wa usaili huandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali kijijini amesoma Hisabati, Sayansi na Jiografia kwa Kiswahili. Mwenziwe wa mjini amesoma masomo hayo hayo kwa Kiingereza tangu darasa la awali, kwa ada. Ukiwaketisha dawati moja na karatasi moja, hujapima akili. Umepima mfuko wa baba. Ninao wanafunzi wanaokokotoa hesabu za asilimia kichwani kabla sijamaliza kuziandika ubaoni, lakini mbele ya swali la Kiingereza hukaa kimya, kwa sababu hawajui wanaulizwa nini.

Uwanja wa michezo hauulizi kwa Kiingereza. Mtoto anayekimbia mita 1500 pekupeku na kuwaacha wenye raba haulizwi jina la shule aliyotoka. Ndiyo maana kwa mtoto wa mkulima na wa mfugaji ufadhili wa michezo waweza kuwa njia pekee ya kupita katika geti lile. Na ndiyo maana ufadhili huo ukiwa wa hila, uchungu wake ni mkubwa.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kijana hapa shuleni aliyecheza namba tisa. Alijifunza kwa mpira wa makaratasi, chandimu kama tunavyouita, na alikuwa mtoto mtulivu, wa kumi au wa kumi na mbili darasani. Katika mashindano ya wilaya mjumbe wa shule moja binafsi ya mjini alimwona, na baada ya wiki mbili akaja hadi kijijini kwa pikipiki. Aliwaambia wazazi kwamba mtoto atasoma bure hadi kidato cha nne: ada, bweni, sare, vitabu, kila kitu. Mama akauza mbuzi wawili kununua godoro na sanduku. Kijiji kizima kilitoka kumsindikiza.

Kule shuleni kijana alifunga mabao. Siku za mechi na za mazoezi aliruhusiwa kutoingia darasani, na siku za mechi zilikuwa nyingi. Likizo alipokuja kunisalimia nilimtazama madaftari yake. Somo la Kemia lilikuwa na kurasa nne. Alipokuwa kidato cha pili alivunjika kifundo cha mguu akiichezea shule hiyo, akafungwa hogo. Muhula uliofuata ikaja barua. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mama yake aliileta kwangu nimsomee. Ilisema kwamba kutokana na mabadiliko ya mpango wa ufadhili mzazi anatakiwa kulipa ada ya mwaka kabla mwanafunzi hajaripoti. Ada hiyo ilizidi thamani ya ng'ombe wote wa boma lile. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mwalimu, hawakuandika chochote kuhusu mguu?" Nikatazama tena, pande zote mbili za karatasi. Hawakuandika.

Kijana alihamia sekondari ya kata, ambako ada imefutwa tangu Januari 2016. Lakini alikuwa ameachwa nyuma sana na wenzake, na aliona haya. Hakumaliza. Leo anapakia magunia ya vitunguu saumu kwenye malori. Ni kazi halali, na anaifanya kwa bidii, akichechemea. Jina la shule ile silitaji, kwa sababu sidhani ni moja peke yake. Na walimu wenzangu wa wilaya jirani wakisoma barua hii, kila mmoja atamkumbuka kijana wake.

Ndugu Mhariri, wilaya yetu hii ya Mbulu ndiyo nyumbani kwa John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki kule Mexico, alianguka, akaumia goti, na akamaliza wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, washindi wakiwa wamekwisha kupewa nishani zao. Dunia imewasahau wengi waliomtangulia siku ile, lakini yeye haijamsahau. Sisi walimu huwasimulia watoto habari zake kila mwaka, kwamba Mtanzania haachi safari katikati kwa sababu ya goti. Sasa nauliza: tutawasimuliaje watoto habari za Akhwari, halafu tukubali shule imwache mtoto katikati ya safari kwa sababu ya kifundo cha mguu?

Najua wenye shule watajibu. Watasema shule binafsi haina ruzuku, ni mali ya mtu, na hawezi kulazimishwa kumlisha mchezaji asiyecheza. Jibu langu ni kwamba hakuna aliyewalazimisha kumchukua. Walimfuata wenyewe hadi kijijini. Aliyemtoa mtoto katika shule isiyo na ada, akamweka katika shule yenye ada kwa ahadi ya miaka minne, amechukua dhamana ya miaka minne. Ahadi ni deni, na mvunjiko wa mfupa haufuti deni. Tena mfupa wenyewe umevunjika kwa kazi ya shule.

Wala tusidhani kwamba hili ni wazo la kijamaa tu la mwalimu wa kijijini. Hebu tutazame Marekani, ambako ufadhili wa michezo vyuoni ni mambo ya fedha nyingi sana. Kuanzia mwaka 1973 chama cha michezo ya vyuo vya huko, NCAA, kiliagiza ufadhili wa mchezaji utolewe kwa mwaka mmoja mmoja, na mwalimu wa mchezo akichoka na kijana, aliweza kutomwongezea. Malalamiko yakawa mengi. Mwaka 2011 wakaruhusu tena ufadhili wa miaka kadhaa, na mwaka 2015 vyuo vya makundi makubwa matano ya michezo vikapiga kura kwamba mwanafunzi asinyimwe kuendelezewa ufadhili kwa sababu za kimichezo. Navyo vyuo vinane vya kundi ambalo Harvard na Yale zimo havitoi kabisa ufadhili kwa ajili ya michezo: huangalia uwezo wa familia ya mwanafunzi, na anayehitaji husaidiwa, awe anacheza au hachezi. Ikiwa mabepari wenyewe wamefika hapo, sisi tunangoja nini?

Watasema tena kwamba michezo na masomo havikai chungu kimoja. Na hapa sina haja ya kwenda mbali. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch tarehe 2 Februari, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui walileta nishani za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow. Nyambui alisoma Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, huku akikikimbilia chuo hicho, na Bayi baada ya kutundika viatu alianzisha shule. Jirani zetu wa Uganda wanayo St Mary's Kitende, shule binafsi kando ya barabara ya Entebbe, ambayo wazazi hugombea nafasi zake kwa matokeo ya mitihani, na papo hapo timu yake ya mpira imebeba vikombe vingi vya shule za Uganda na za Afrika Mashariki. Kule Iten, Kenya, Bruda Colm O'Connell alifika St Patrick's mwaka 1976 kufundisha Jiografia, akaanza kufundisha mbio jioni. Mwanafunzi wa shule hiyo, Peter Rono, alitwaa dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akiwa pia mwanafunzi wa chuo Marekani. Mwalimu yule yule wa darasani ndiye aliyekuwa mwalimu wa uwanjani, na sidhani kwamba ramani zilimshinda kwa sababu ya saa ya kusimamia mbio.

Jambo linaloharibu masomo si mchezo. Ni kumsamehe mchezaji masomo. Mtoto anayeruhusiwa kukosa Kemia kwa sababu ana mechi hajapendelewa, ameibiwa. Na wenzake wanaokatazwa kucheza kwa sababu wana Kemia nao wameibiwa. Shule ya namna hiyo imewagawa watoto kuwa vichwa na miguu: vichwa vya kulipa ada na kupata daraja la kwanza, miguu ya kuleta kikombe. Chuoni, nilipokuwa nasomea ualimu, tulifundishwa kwamba mtoto huja shuleni mzima.

Kwa hiyo basi, natoa mapendekezo yafuatayo kwa wizara zinazohusika, kwa wenye shule na kwa vyama vyao.

Kwanza, shule yoyote isisajiliwe wala kuongezewa mkondo bila kuonyesha uwanja unaotumika, wa kwake au wa jirani kwa mkataba. Mkaguzi afike saa ya kipindi cha michezo, asiishie kusoma ratiba ukutani.

Pili, kila ufadhili uwe na mkataba wa maandishi kwa Kiswahili, utiwe saini mbele ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa, na nakala ibaki kwa mzazi na nyingine katika shule ya msingi alikotoka mtoto. Mkataba useme wazi ni kitu gani kinalipwa na hadi kidato cha ngapi. Kuumia au kushuka kwa kiwango cha mchezo kusiwe sababu ya kuuvunja, na matibabu ya aliyeumia akiichezea shule yawe juu ya shule.

Tatu, mwanafunzi aliyechukuliwa kwa kipaji afundishwe Kiingereza kwa bidii katika miezi yake ya kwanza, na asicheze mechi iwapo hahudhurii darasani. Kumchukua mtoto wa Kiswahili na kumtupa katika Fizikia ya Kiingereza, huku siku tatu za wiki yuko uwanjani, ni kumwandalia kufeli.

Nne, shule inayochuja kwa mtihani itenge nafasi chache kila mwaka kwa watoto wa shule za msingi za Serikali, ambao watasailiwa kwa Kiswahili. Hapo hata yule asiyejua kupiga mpira, lakini anakokotoa asilimia kichwani, atapata njia.

Tano, wasimamizi wa UMISSETA waendelee kuwabana mamluki, ila adhabu imwangukie mwenye shule aliyemleta. Mara nyingi kijana hufungiwa na kurudishwa kwao, na mwenye shule akabaki akitafuta mwingine.

Kwa wazazi wenzangu nasema hivi: mjumbe akija na pikipiki na maneno mazuri, mkaribisheni, mpeni uji, lakini msiuze mbuzi kabla hamjaona karatasi. Mwiteni mwalimu wa mtoto aisome. Ulizeni swali moja tu: akivunjika mguu, je? Anayejibu haraka na kuandika, huyo mpeni mtoto. Anayecheka na kusema Mungu apishe mbali, mwambieni Mungu atapisha mbali, lakini tuandike.

Na kwa walimu wenzangu wa shule za msingi: tusikubali kuwa madalali wa watoto wetu. Bahasha ya mjumbe isitufumbe macho. Tumemlea mtoto miaka saba, tunaweza kumsimamia kwa siku moja ya kusoma mkataba.

Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Asubuhi iliyofuata watoto wangu walikimbia kuzunguka uwanja bila kuambiwa, kila mmoja akijiita Simbu. Kati yao wamo wachache ambao siku moja watafuatwa na mjumbe mwenye daftari. Nataka waende, tena waende kwa furaha, wacheze, wasome, na hata kama mguu utawasaliti, wabaki kwenye dawati lao hadi kengele ya mwisho ya kidato cha nne.

Naomba wahusika walijibu jambo hili kabla ya mashindano ya mwaka ujao.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbulu, Manyara.